Kiwele cha Pichani na Maziwa ya Ndooni



Ndugu wasomaji, wiki hii tuna maswali mawili kutoka nyumba mbili zisizojuana, nayo yote yanahusu jambo moja. La kwanza ni la baba ambaye mwanawe afanya kazi Wote, katika Makueni. Asema kijana huyo, tangu azoeane na wafugaji wa huko, hushinda jioni zake akitazama picha za ng'ombe wa maziwa katika simu. Yeye na wenzake huwekewa picha za ng'ombe wanne, kila mmoja akawapanga kuanzia wa kwanza hadi wa nne, kisha akatoa sababu zake. Baba auliza: je, huu si upuuzi wa kupoteza umri?

La pili ni la mama anayelea mayatima watatu hapa pwani. Shemeji yake aliyeko Kitui amemtumia picha ya ng'ombe anayeuzwa, mwenye kiwele kikubwa na rangi ya kupendeza. Muuzaji ataka pesa zitumwe kwa simu kabla ya Ijumaa, kwa kuwa, asema, wanunuzi ni wengi. Pesa zenyewe ni urithi wa watoto. Mama auliza: atume?

Tutaanza na la kwanza, kwani ndani yake mna jawabu la la pili.

Ukambani si ugenini kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyoteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa, na wafanyabiashara wa pwani nao wakapanda bara hadi Kitui. Leo barabara kuu na reli zapita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na vijana wetu wengi huko ni walimu, madereva na wachuuzi. Wanaodhani kwamba Ukambani yote ni ukame hawajafika milima ya Mbooni na Kilungu, penye baridi na majani ya kumtosha ng'ombe wa gredi. Kwa mfugaji wa hapo, ng'ombe ni karo ya shule na ni dawa ya mgonjwa. Si ajabu basi kijana akikaa nao akajifunza kutazama wanachokitazama.

Nasi Waislamu hatuna sababu ya kudharau mtazamo huo. Katika Surat Nahl, Mola wetu anapotuhesabia manufaa ya wanyama wa kufugwa, hakuishia kwenye ngozi, nyama na mizigo. Ametaja pia kwamba tuna uzuri ndani yao, wanaporudishwa jioni na wanapopelekwa machungani asubuhi. Katika sura hiyo hiyo ametutaka tuzingatie maziwa yanayotoka safi baina ya kinyesi na damu, yakiwa matamu kwa wanywaji. Jicho linalozingatia kiumbe cha Allah kwa makini halijapotea.

Mchezo wenyewe si mgeni duniani. Huko Marekani, jarida la wafugaji liitwalo Hoard's Dairyman, lililoasisiwa mwaka 1885 katika jimbo la Wisconsin, lilianzisha shindano la aina hii mwaka 1931. Msomaji huwekewa picha za ng'ombe wanne wa kila aina, Friesian, Ayrshire, Jersey, Guernsey na wengineo, naye awapange kisha alinganishe mpango wake na wa waamuzi waliobobea. Watoto wa shule hushiriki, na familia nzima hukaa meza moja zikibishana.

Ni nini kinachotazamwa? Kadi ya alama inayotumika huko hugawa alama 100 namna hii: kiwele 40, nguvu na umbo la kimaziwa 25, miguu ya nyuma na kwato 20, na kiunzi cha mwili 15. Kiwele kizuri kimeshikana na tumbo kwa mbele. Kwa nyuma kimepanda juu na kwa upana. Na chini yake hakijavuka kifundo cha mguu wa nyuma. Kilichoning'inia huchafuka, hugongwa na miguu, hujeruhiwa na kupata maradhi. Chuchu nne zimekaa mahali pake, hazikutawanyika nje wala kubanana.

Mwili nao si wa kunona. Hapa ndipo wengi wetu wa mjini tunapopotea, kwani tumezoea kumtazama ng'ombe kwa jicho la bucha. Ng'ombe wa maziwa aliye bora ana shingo nyembamba, mbavu zilizotanuka zikaelekea nyuma, na mifupa ya nyonga yaonekana, kwa sababu chakula chake chaenda ndooni wala hakibaki mgongoni. Mguu wa nyuma, ukiutazama kwa kando, umepinda kidogo: ulionyooka kama nguzo humchosha, na uliopinda kama mundu humlemea. Nyonga ni pana ili azae bila taabu.

Faida kubwa ya mchezo huu, kwa maoni yetu, imo katika sharti la kutoa sababu. Kijana asemapo, "Namtanguliza wa pili mbele ya wa nne kwa kuwa kiwele chake kimeshikana zaidi, ingawa wa nne ana mgongo ulionyooka kumshinda," amepima, ametaja dalili yake, na amekiri ubora wa yule aliyemweka nyuma. Ni wangapi baina yetu wanaohukumu hivyo wanapozungumzia jirani au mkwe? Mzazi aliyemwona mwanawe akijifunza kuhukumu kwa dalili na asimkalifishe mwenziwe kukubali bila hoja, na ashukuru.

Lakini mchezo huu una adabu zake, nasi twamwomba kijana wa Wote azishike.

Ya kwanza, asidhihaki ng'ombe wa mtu. Katika picha hizo mna ng'ombe wa mwenye shamba kubwa lenye wafanyakazi, na mna ng'ombe mmoja wa mama wa Mutomo aliyemlea kwa majani ya kukata na maji ya kubeba. Mtume wetu (SAW) hakupata kukitia ila chakula. Akikitamani hukila, na akikichukia hukiacha. Mwenye kusema "huyu ana mgongo ulioshuka" ametoa hukumu ya fani. Mwenye kucheka na kumfananisha ng'ombe wa maskini na kitu cha jalalani amemuumiza Mwislamu au jirani kwa sababu isiyo na maana.

Ya pili, aonapo kilichompendeza amwombee mwenyewe baraka, aseme Mashaallah. Jicho ni kweli, na mafunzo ya Mtume (SAW) ni kumwombea baraka mwenye kitu kilichotupendeza.

Ya tatu ni kubwa zaidi. Tumesikia kwamba mahali pengine kila mshiriki hutoa kiasi cha pesa, na aliyekisia kwa usahihi mpango wa waamuzi huzichukua zote. Hiyo ni kamari hata kama kiasi ni kidogo na hata kama kinachotazamwa ni kiumbe cha halali. Mchezo wa ng'ombe wanne ni halali maadamu hakuna anayeondoka na mali ya mwenziwe.

Akizichunga adabu hizo, na Swala yake haikupita wakati, twamwambia baba: mwache mwanao. Kesho mwombe akufundishe.

Sasa tuje kwa mama wa mayatima, na hapa sauti yetu yabadilika, kwani picha ile ile iliyokuwa darasa la kijana sasa yaombwa iwe ushahidi wa mali ya watoto.

Picha ni shahidi, na shahidi huulizwa alisimama wapi aliposhuhudia. Wapiga picha wa mifugo wanajua kwamba ng'ombe akisimamishwa miguu ya mbele pahali palipoinuka kidogo, mgongo ulioshuka huonekana umenyooka. Mguu wa nyuma ulio upande wa mpigaji ukipelekwa nyuma au mbele, kiwele hufichuka au kufichika kwa kadiri atakavyo. Mpigaji akichutama, mnyama mdogo huonekana mkubwa. Upande mmoja ukipigwa, upande wa pili hauonekani, na huenda ndiko kuliko na chuchu iliyokufa. Wala hakuna mahali pameandikwa kwamba picha ni ya mwaka huu, au hata kwamba ni ya ng'ombe huyo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na hata picha iliyopigwa kwa uaminifu ina msimu wake. Mvua ambazo wakulima wa Kitui na Makueni wanazitegemea zaidi ni za Oktoba hadi Disemba. Ng'ombe aliyepigwa picha mwezi wa Januari ana majani ya kijani nyuma yake na nywele zinazong'aa. Huyo huyo mwezi wa Septemba, baada ya miezi ya kiangazi, mbavu zake zaweza kuhesabika. Kwa hiyo ng'ombe mwembamba wa Septemba mwenye kiwele kilichoshikana yumkini ni bora kuliko mnono wa Januari, na asiyejua mwezi wa picha hawezi kuwalinganisha. Tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilipotindika msimu baada ya msimu katika nchi kame za Kenya, Kitui na Makueni zikiwamo, wafugaji wameona wazi kwamba ng'ombe wa kushinda mashindano ya picha si lazima awe ng'ombe wa kuvuka kiangazi. Friesian aliyekomaa aweza kufikia kilo 600; akiwa anakamuliwa hunywa makumi ya lita za maji kila siku, na joto likizidi huenda zikakaribia 100. Kadi ya alama ya Wisconsin haina mstari wa kuuliza kisima kiko wapi.

Ndiyo maana katika nchi za joto wafugaji wenye hekima huwapenda pia Sahiwal, ng'ombe wenye nundu na asili ya Punjab, ambao serikali imewazalisha Naivasha kwa miongo mingi, na machotara wao. Maziwa yao ni machache kuliko ya Friesian aliyeshiba, lakini joto na kupe huwastahimili. Akiwekwa pichani kando ya Friesian, mtazamaji wa mjini humweka wa nne. Ng'ombe hashindwi na nunduye. Anayeshindwa ni mtazamaji asiyejua nundu ile ni ya nini.

Kisha yako mambo ambayo picha haiyajui kabisa. Haijui umri: umri husomwa menoni, ambapo jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutoka ng'ombe akiwa na miaka 2 hivi, na jozi zote nne hukamilika akikaribia miaka 5. Haijui kama ana mimba, wala kama ana ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humwambukiza hata binadamu anywaye maziwa yasiyochemshwa. Haijui kama hupiga mateke. Na jambo linalonunuliwa, yaani maziwa, halimo pichani hata tone moja.

Juu ya hili, sheria yetu ilikwisha kusema kabla ya kamera kubuniwa. Katika Hadithi ya Abu Hurayra (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) aliwakataza wauzaji wasizuie maziwa viweleni mwa ngamia na kondoo ili waonekane wana maziwa mengi. Na aliyemnunua mnyama wa namna hiyo akapewa hiari baada ya kumkamua: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Katika mapokezi mengine hiari hiyo imepewa muda wa siku tatu. Wanazuoni wetu wakamwingiza ng'ombe katika hukumu hiyo hiyo.

Zingatieni jambo hili. Mnunuzi wa zama zile alisimama mbele ya mnyama na kukiona kiwele kwa macho yake, na bado sheria ilijua kwamba macho yaweza kudanganywa na kiwele kilichojazwa, ikampa njia ya kurudi. Basi itakuwaje kwa anayetazama kivuli cha kiwele katika kioo cha simu, naye yuko mwendo wa siku nzima kutoka zizini, na pesa akishazituma hazina njia ya kurudi?

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba kuuziana kitu ambacho hakijaonwa hakusihi. Mahanafi wamekuruhusu, lakini wakampa mnunuzi hiari pale atakapokiona. Twaona, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, kwamba picha moja ya upande mmoja haisimami mahali pa kuona kwa kauli yoyote kati ya hizo. Kwa mali yako mwenyewe hilo lingekuwa kosa la biashara. Kwa mali ya yatima ni zito zaidi, kwani Qur'ani imetukataza tusiikaribie ila kwa njia iliyo bora, na anayetuma pesa kwa kuharakishwa hajatafuta njia iliyo bora.

Hata hivyo hatusemi ng'ombe asinunuliwe. Urithi uliolala hupungua, na ng'ombe mzuri ni mradi wa halali wa kuwalea watoto. Tunasema jicho lipelekwe aliko ng'ombe. Sheria imeruhusu wakala aone na anunue kwa niaba ya mwenye mali. Mama na amteue mtu mwaminifu anayejua ng'ombe. Shemeji atafaa ikiwa hapati kitu kutoka kwa muuzaji. Akipata, ateuliwe mwingine.

Wakala huyo afike alasiri. Ng'ombe akamuliwe mbele yake mpaka kiwele kiwe kitupu, na maziwa hayo yasihesabiwe, kwani hajui yamekaa humo tangu lini. Arudi alfajiri kabla ya kukamuliwa, apime kwa lita. Abaki hadi jioni, apime tena. Jumla ya mara hizo mbili ndiyo maziwa ya siku. Michirizi ya kwanza ikamuliwe juu ya kitu cheusi: ikionyesha mabonge, kiwele kina ugonjwa. Atazame meno. Amwite daktari wa mifugo, atoe damu kwa ajili ya kupima ugonjwa wa kutupa mimba, aeleze hali ya mimba, na aseme kweli kama ng'ombe wa milimani ataweza joto na maradhi ya pwani. Kibali cha kusafirisha mifugo kitafutwe kabla ya gari kukodiwa.

Aombe pia daftari. Kenya imekuwa na kitabu cha nasaba za mifugo tangu mwaka 1920, na kituo cha Kabete cha mbegu za uhimilishaji kilianzishwa mwaka 1946. Fani hiyo ya uhimilishaji yatupa mfano mzuri. Fahali hana kiwele. Apigwe picha nzuri namna gani, haionyeshi maziwa. Basi wataalamu humpima kwa maziwa ya binti zake, yaliyoandikwa siku kwa siku. Mfugaji wa kawaida wa Kitui huenda asiwe na kitabu kikubwa, lakini aliye makini huwa na daftari la shule lenye tarehe ya kuzaa, tarehe ya kupandwa na lita za kila siku. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ng'ombe asiye na daftari bei yake na ipungue.

Mwisho, mapatano yaandikwe, mashahidi wawe wawili, na iwekwe sharti ya hiari ya siku tatu, ambayo Imam Shafii ameiruhusu. Pesa zitoke baada ya kipimo cha pili. Muuzaji akikataa masharti haya kwa kuwa Ijumaa yakaribia, mwacheni auze kwa hao wanunuzi wengi.

Na kuna kazi ambayo twamwomba baba wa kijana wa Wote aikubali. Mwanawe ameshajifunza kutazama kiwele na miguu, na anajua sababu za hukumu yake. Kutoka Wote hadi Kitui si safari ya kutisha. Twamwomba amruhusu afuatane na wakala na daktari siku hiyo ya kupima, awe wa kushika ndoo na kuandika lita. Mama atuandikie kwa njia ya ofisi ya gazeti hili, nasi tutawaunganisha. Lakini mpaka kipimo kipatikane, mama, usitume pesa.

Twamwomba Allah awabariki mayatima hao katika mali yao, na awape wafugaji wa Kitui na Makueni mvua yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq.